Norina Atalii Rovigo

Wifi yangu Norina Franzoso aliuza vifungo na nyuzi pale Rovigo maisha yake yote, na kila mteja alipewa nyongeza ya bure: kuusema vibaya mji wetu. Ukungu, mbu, nyama ya punda, hakuna alichosamehe.

"Treni za Venisi zote zinapita hapa," alikuwa akisema, "na abiria wana akili. Hawashuki."

Alipofunga duka kwa uzee, akaamua kwenda Pisa kuuona ule mnara ulioinama. Nikamwuliza, "Wifi, na ile minara yetu miwili iliyoinama pale bustanini?"

"Hiyo imeinama kwa uvivu."

Alirudi miguu imemvimba kwa foleni, kichwani kofia pana ya majani, usoni miwani ya jua, vyote vya Pisa. Nje ya stesheni palikuwa na kikundi cha wageni kutoka Brescia na binti wa kuwatembeza, Debora, aliyehamia kwetu majuzi. Alipoiona ile kofia akapiga makofi.

"Mama, tulikuwa tunakungoja wewe tu! Haya, twende. Mwisho kuna mvinyo, mgeni halipi."

Norina alikuwa ameshafungua kinywa akatae. Kusikia mvinyo, akakifunga.

Basi akatembezwa mji aliozaliwa. Wakaingia kanisa la Rotonda, lile la pembe nane, alimofungia ndoa na kaka yangu. Michoro imejaa kutani mpaka juu, watu waliochorwa wamebanana kama siku ya gulio. Aliniambia baadaye kwamba siku ya harusi hakuona kitu mle isipokuwa viatu vyake, maana vilimbana. Sasa aliketi, akavua miwani, akatazama hadi Debora akaja kumshika mkono waondoke.

Penye minara, bwana mmoja akapiga miayo. "Si mbaya. Ila mji wenyewe umelala."

"Umelala?" Norina akamgeukia. "Uliyelala ni wewe! Huko kwenu mna minara mingapi iliyoinama? Itaje!" Kwa hasira, kilugha chetu cha hapahapa kikamtoka.

Muuza mboga aliyekuwa akipita akafunga breki za baiskeli. "He! Norina! Umekuwa mgeni lini?"

Debora akaona haya kuliko Norina. "Mama, kumbe wewe ni..."

"Wa hapa. Na mvinyo nitakunywa."

Akanywa, akaongezewa.

Msidhani amebadilika. Bado anauponda mji asubuhi na jioni, ila sasa kazi hiyo ni yake peke yake, ukimsaidia, mnakosana. Jumapili iliyopita alinitoa jikoni, ugali wa polenta uko motoni, akaniburuta hadi bustanini, penye minara. Ukungu ulikuwa mzito, hata yeye mwenyewe nilimwona nusu.

"Simama hapa. Siyo hapo, hapa! Haya, tazama juu."

Nikatazama. Weupe mtupu.

"Umeona?"

"Nimeona, wifi. Mizuri."

"Mwongo wewe. Subiri."

Tukasubiri.