Karatasi ya Mlango wa Jikoni

Kiranja wetu wa chakula alishinda mdahalo kwa kusifu huruma, hadi mwalimu akafuta machozi. Ndiye pia aliyebandika karatasi kwenye mlango wa jikoni: ATAKAYECHELEWA HATAKULA. Siku niliyochelewa kwa kumpeleka mgonjwa zahanati aliniambia, "Soma mlango, dada," nikashinda na njaa.

Muhula huu ukiranja huo nimepewa mimi. Jana, siku ya usipa, wale dagaa wa ziwani, kiranja huyo wa zamani alikuja mbio nimeshafunika sufuria.

"Jamani mwenzangu, huruma basi!"

Nikamwonyesha karatasi yake. "Huruma uliisemea ukumbini, dada. Hapa jikoni uliandika hivi."

Samaki wake niliwala mimi, mpaka vichwa. Jumamosi nitaenda kuungama, lakini hili sitalitaja.