Klachi Iliyorudi Mara Tatu

Pikipiki ilirudi Alhamisi saa nne asubuhi, na hata kabla haijazimwa Spoku alishajua mambo yameharibika. Aliisikia tangu kwenye kona ya duka la vioo. Injini inalia juu kabisa, mwendo wa kobe. Hiyo ni klachi inateleza: injini inazunguka kama imepandwa na wazimu, tairi halina habari.

Mara ya tatu kurudi. Ndani ya mwezi mmoja.

Spoku, waya wa tairi, ni jina la utani la pale gerejini. Walimpa kwa sababu ya wembamba wake, naye akalikubali haraka kabla hawajafikiria jingine baya zaidi. Ana miaka ishirini na sita, na mitatu kati ya hiyo aliimalizia mlangoni mwa gereji ya mjomba wake akiziba pancha, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mikono imeloa, mafundi wa ndani wanampita na injini za watu bila hata kumwambia pole. Meza ya injini aliipata mwaka jana. Aliomba, akakasirika, akaomba tena. Mjomba akampa hii pikipiki kubwa kama mtihani, na iliporudi mara ya pili akamwambia bila kupepesa macho: "Ikirudi tena, binti, unarudi kwenye pancha. Sitaki aibu."

Basi imerudi.

Mwenyewe ni mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, koti lina mifuko mpaka mgongoni. Tangu astaafu hatulii. Anafunga mikoba miwili pembeni ya mashine na kupotea wiki nzima, akirudi amechubuka pua kwa jua na ana furaha ambayo haielezeki. Alivua helmeti akaiweka juu ya tangi.

"Fundi wangu," alisema, "nimezalisha wanawake kwenye korido, kwenye pick-up, mmoja ndani ya lifti iliyokwama. Sijawahi kumrudisha mtu mara tatu kwa tatizo moja."

"Nisamehe, mama."

"Samahani sipandii mlima. Jumamosi naondoka na wenzangu. Nikiachwa nyuma kwenye mwinuko wa kwanza nitakuja kulala hapa mlangoni kwako."

Mjomba alishatoka ofisini, mikono imefunguka kama mwenye harusi. "Karibu mama, karibu kiti! Tunaiacha ipoe saa moja, halafu tunaiangalia."

Hiyo ndiyo sheria ya gereji ile. Mashine ya moto haiguswi. Mjomba aliwahi kuunguzwa na silansa, bomba la moshi, enzi za ujana, alama bado iko mkononi, na tangu hapo kila pikipiki lazima ikae kivulini ipoe kabla ya mtu kuishika.

Spoku alisimama na spana mkononi akirudia kichwani yote aliyofanya. Pikipiki hii klachi yake haivutwi na waya. Ukibana mkono wa klachi, silinda ndogo ya juu inasukuma mafuta ndani ya bomba la mpira, mafuta yanaisukuma silinda ya chini, na hiyo ya chini ndiyo inaachanisha pleti, zile sahani zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Ukiachia, mafuta yanarudi kwenye kikopo kilichoko juu kwenye usukani. Hadithi fupi tu. Mara ya kwanza alibadilisha pleti zote. Iliporudi, akamwaga mafuta ya klachi, akaweka mapya, akatoa upepo mpaka hakuna povu hata moja. Iliporudi tena, akafungua silinda ya chini na kubadilisha sili zake, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta kuvuja. Kila mara aliizungusha mtaani mara moja, mashine nzima kabisa. Kila mara mkunga alikwenda saa nzima, akafika mlimani, mashine ikagoma.

Ikiwa baridi, nzima. Ikiwa ya moto, mgonjwa. Na wao siku zote wanamwangalia mgonjwa akiwa amepona!

"Haipoi," alisema Spoku.

"Nini?"

"Mjomba, haipoi. Naifungua hivi hivi."

"Utaungua!"

"Nitapona."

Alizungushia kikopo kitambaa, maana mafuta yale yakigusa rangi yanaila, kisha akaanza kulegeza skrubu za kifuniko. Moja. Mbili. Kabla ya ya tatu kutoka, mafuta yakachuruzika pembeni mwa kifuniko kama maziwa yanayochemka. Ule mpira mwembamba wa ndani ulikuwa umebanwa juu, hauna pa kupumulia.

"Mama, hebu bana mkono."

Mkunga akabana. "Heee. Mbona umekuwa laini? Nimekuja nao mgumu kama mlango wa serikali."

Spoku akachukua waya mwembamba akapima kile kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia yakirudi kikoponi. Kiko wazi. Akapima uchezaji wa mkono. Upo. Akainama kutazama chini kama kuna sili inavuja. Pakavu. Akanyanyuka taratibu.

"Nani alijaza hiki kikopo?"

Gereji nzima ikapata kazi ghafla. Mmoja akaanza kupanga spana zilizopangwa. Kila mtu alijua. Kazi ya mwisho kwa kila chombo kinachotoka pale huifanya Mjomba mwenyewe, na birika lake dogo lenye mdomo mrefu: maji ya betri, maji ya rejeta, mafuta ya breki, kila kitu hadi ukingoni. "Mteja wangu haondoki na nafasi tupu," husema. Hilo ndilo lililompa sifa mtaani. Spoku alikuwa anaacha mafuta kwenye mstari wa kipimo cha kikopo, anakwenda kunawa mikono, na nyuma yake Mjomba anapita na birika, roho safi kabisa.

"Mjomba, mafuta yakipata moto yanavimba. Kikopo kimejaa pomoni, hayana pa kwenda. Yanasukuma pleti. Ni kama mtu amebana klachi kidogo safari nzima."

"Miaka thelathini na moja najaza hivi. Breki ngapi! Nani kalalamika?"

"Kwenye breki, pedi zikilika mafuta yanashuka, kosa lako linajifuta lenyewe. Klachi hii ni kinyume. Pleti zikilika, mafuta yanapanda."

"Kosa langu?"

Angeweza kulainisha. Alikuwa na neno la kulainisha kabisa, liko kwenye ulimi. Akalimeza.

"Lako, Mjomba."

Mtu aliyekuwa anapanga spana akaangusha moja.

"Jaza mwenyewe," Spoku akaendelea, akimsogezea birika. "Mpaka juu, unavyopenda. Panda nyuma yangu, tukaipashe moto, tuipeleke barabara ya mnara. Ikipanda vizuri, naenda kwenye pancha leo hii hii."

Mjomba alijaza. Alijaza kwa hasira, hakumwaga hata tone. Mkunga akamwazima helmeti, ikagoma kupita masikioni.

"Kichwa hiki," alisema mkunga akiisukuma kwa viganja vyote viwili, "mama yako alipata tabu sana."

Walizunguka barabara ya nje saa nzima, juani, kwenye foleni, kuanza na kusimama, kuanza na kusimama. Kisha mnara. Barabara ile inapanda wima kama ngazi. Robo ya kwanza, sawa. Nusu, injini ikaanza kupiga kelele. Spoku akaongeza moto. Kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua. Mwanamume aliyejitwika godoro kichwani akawapita, akageuka kuwatazama kwa huruma.

Spoku akasimamisha, akaweka stendi, akatoa bomba la sindano mfukoni.

"Angalia vizuri, Mjomba. Sigusi kitu kingine. Wala haipoi."

Akafungua kifuniko, akanyonya mafuta mpaka kwenye mstari, akarudisha mpira, akafunga. Dakika tano. Mjomba amejiinamia, helmeti imemkaa juu juu, jasho linamtoka.

"Panda."

Gia ya kwanza, palepale penye mwinuko mkali, watu wawili juu. Akaachia mkono. Mashine ikashika kama jino. Walimpita mwenye godoro, wakafika mnarani.

Mjomba aliposhuka, alizunguka pikipiki mara mbili. "Rudi chini," alisema. "Tupande tena."

Walipanda tena. Na tena. Mara ya nne Spoku ndiye aliyekataa.

Gerejini mkunga alikuwa mlangoni anasubiri. "Haya, ilikuwa nini?"

Siku zote Mjomba ndiye huwaeleza wateja, na kweli alifungua mdomo. Akaufunga. Akaelekeza kidevu kwa Spoku. "Muulize fundi."

Spoku akamwonyesha kidirisha cha kikopo na mstari wake. "Mama, haya yakipanda yenyewe, jua pleti zinalika, uje. Na mtu yeyote asiongeze."

"Hata huyu?"

"Hasa huyu."

Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Mjomba hakucheka. Alikuwa ametoa simu, anashuka chini kwenye majina, uso umemkunjamana kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Kuna nyingine tatu za klachi ya mafuta," alisema. "Nilizijaza mimi. Wenyewe watakuwa barabarani huko wanalaani. Zote zitapita mezani kwako. Niwaambie nini?"

"Waambie waje leo," Spoku alisema, anafuta mikono. "Na wasizipoze njiani."