Muuza Nyama na Mkewe Asiyeonja Nyama

Kaka yangu anauza nyama, na mkewe hajawahi kuitia kinywani kwa hiari yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza kwanza, tena huuliza wakicheka, utadhani mimi ndiye niliyewaoza. Mtaani kaka huitwa Bucha. Wifi yangu huitwa Mama Majani, jina alilopewa na mumewe mwenyewe siku za uchumba, kabla mtaa haujalidaka.

Sababu hana. Nimemuuliza mara nyingi nikitarajia kisa kizito, ndoto labda, au kiapo cha bibi yake, naye hunijibu, "Sili tu, wifi. Kwani wewe unakula bamia?" Ni kweli, bamia sili, na hakuna aliyewahi kuniitia kikao. Yeye aliitiwa. Kabla ya harusi wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwetu wakajadili tumbo la binti wa watu kana kwamba wananunua kiwanja, mpaka kaka akasema, "Mimi nashinda na nyama kutwa nzima. Naoa ili nipumzike." Wakaangua kicheko, na kikao kikavunjika.

Wifi alikuwa na ombi moja tu. Yeye alilelewa na shangazi yake, mwanamke mwenye mkono mzuri wa kupika na mzaha mbaya. Shangazi huyo alikuwa akimfichia vipande vya nyama ndani ya mboga, na mtoto akishameza, nyumba nzima inamcheka. Ikafika mahali mtoto hali tena chochote kilichopikwa na mtu mwingine. Alikonda hadi mwalimu wake akaja nyumbani kuuliza kulikoni. Kwa hiyo alipokubali kuolewa alimwambia kaka, "Nyama yako haina neno. Pika, kula, itundike mlangoni ukitaka. Ila kwenye sahani yangu usinidanganye."

Sasa, mtu akimwona Bucha dukani, nyuma ya gogo, shoka mkononi na kifua kama kabati, hawezi kuamini anavyoishi kwake. Akirudi kazini haingii ndani moja kwa moja. Anasimama kwenye bomba la uani, anavua mabuti, anasugua mikono kwa sabuni na limau mpaka kwenye viwiko, kisha aproni anailoweka kwenye ndoo yake na kuifua mwenyewe. Wifi ni fundi cherehani, aproni zote anamshonea yeye na kuzipiga pasi, lakini damu hafui, na kaka hajawahi kumwekea aifue. Nyama yake anaipika mwenyewe kwenye jiko la mkaa barazani nyuma, na sufuria yake anaiosha kwa dodoki lake. Wali, maharage na mboga ni kazi ya wifi.

Kula lakini wanakula pamoja, sinia moja. Mlima wa wali katikati, mchuzi wa kaka upande huu, maharage ya wifi upande ule, na kati yao njia nyeupe ya wali mtupu. Mchuzi ukianza kuteremka kwenda kusikotakiwa, kaka hujenga ukuta kwa kijiko, haraka, mwashi kabisa, huku mazungumzo yakiendelea. Watoto wao, ambao sasa wako shule ya bweni, walikuwa wakila pande zote mbili na kuzibomoa kuta, na hakuna aliyewagombeza. Wifi akibakiza chakula, kaka humalizia. Anasema chakula cha Mama Majani ni haramu kulala.

Nimewahi kumtania, "Kaka, wewe umeoa au umeajiriwa?"

Akanijibu, "Nimeajiriwa, dada. Na mwajiri ananipenda."

Basi mwaka huu wifi akafanyiwa upasuaji wa tumbo, akapoteza damu nyingi. Alirudi nyumbani hajiwezi, midomo imepauka, akipiga hatua mbili anatafuta ukuta wa kujishikiza. Daktari alikuwa ametueleza sote tukiwa tumezunguka kitanda: ale vitu vya kuongeza damu, maini, maharage, mboga za majani, na vidonge asikose. Mama yetu alisikia lile neno la kwanza, masikio yakafunga duka.

Mama alihamia kwao kusaidia, na mimi nikawa naenda kila siku kufua na kuosha vyombo. Mama yetu ni mtu mwema, naomba hilo lieleweke. Tatizo ni kwamba wema wake hauombi ruhusa. Mwanzoni kaka ndiye aliyekuwa akipika maharage asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mchana mama anayapasha tu moto. Mgonjwa anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Mama akasema maharage ya kaka ni ya kambini, akashika mwiko yeye. Hapo wifi akaanza kula. Dawa zilikuwa zimemlaza ulimi, kila kitu kwake kilikuwa sawa na karatasi, lakini alikula. Akaweza kukaa kitandani, kisha akafika barazani mwenyewe, siku moja hata akauliza nani ameifunika cherehani yake kwa shuka chafu. Tulifurahi mno. Mama alikuwa anatembea mle ndani kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni hiyo kaka alirudi, akanawa, akaingia jikoni na kuikuta sahani ya mkewe ina mabaki, mara ya kwanza tangu mama ashike mwiko. Mimi nilikuwa naosha vyombo, mama anachochea jiko. Kaka akachota kijiko, akatia kinywani, na taya likasimama. Mtu anayeshika maini kutwa nzima hahitaji kuambiwa. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Mama, humu mna nini?"

"Mna afya," mama akasema bila kugeuka. Hakuzunguka mbuyu hata kidogo. Alikuwa anachemsha maini, anayachuja kwa kitambaa, ile supu anaimimina kwenye maharage na kuizidishia tangawizi ili harufu isitoke. "Na amepona. Nenda kamtazame. Unataka nini tena?"

Mimi nilikuwa upande wa mama, sifichi. Nilikuwa nimemwona wifi akisimama. Nikasema, "Kaka, yaliyopita si ndwele. Mama aache kuanzia kesho, basi, yaishe."

"Hayajapita," kaka akasema. "Yamo tumboni mwake."

Mama ndipo akageuka. "Ukimwambia ataacha kula. Unamjua vizuri kuliko mimi. Atakufia mikononi, na usije ukanitafuta kunilaumu."

Kaka alikaa kwenye kigoda. Nilimwona anaogopa. Mama alikuwa amesema kweli: mkewe aliwahi kuiacha sahani ya watu utotoni, na wakati ule alikuwa na damu ya kutosha mwilini. Sasa hana. Mtu angeweza kunyamaza pale na asilaumiwe na yeyote. Mimi ningenyamaza.

"Mama," akasema, "mteja akiniomba nyama ya mbuzi nikamfungia ya kondoo, hata akirudi kunisifu, nimemwibia."

"Mkeo si mteja!"

"Ndiyo maana."

Hakupandisha sauti. Kaka hajawahi kumpandishia mama sauti, na siku hiyo ingekuwa siku yake kama angetaka. Alimuuliza tu, "Utamwambia wewe au nimwambie mimi?" Mama akaligeukia jiko lake. Kaka akanyanyuka, akaenda chumbani.

Nilimfuata nikasimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, ule mwili wote, uso wake ukawa chini ya uso wa mkewe. Akasema, "Maharage uliyokula siku hizi yalikuwa na supu ya maini. Mama aliitia kwa huruma, si kwa mzaha. Mimi nimejua leo, sasa hivi."

Wifi alimtazama mpaka nikaona aibu kuwepo pale. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupata nafuu."

Hata hilo hakulificha. Lingekuwa rahisi kulimeza, maana lilikuwa linampa mama ushindi, na lilikuwa linamfanya mgonjwa aamini kwamba bila maini hana uzima. Lakini aliulizwa, akajibu. Hapo ndipo nilipomvulia kofia kaka yangu, ingawa wakati huohuo nilikuwa natamani kumpiga na kile kitambaa.

Wifi akageukia ukutani. Kuanzia siku hiyo hakula chochote ila kilichokuja na ganda lake. Ndizi alimenya mwenyewe. Machungwa, mayai ya kuchemsha, karanga za maganda, kila kitu mpaka akipasue kwa kucha zake. Beseni lililokuwa kando ya kitanda lilijaa maganda hadi ungedhani tunafuga tumbili. Lakini kwa mtu aliyepasuliwa hicho si chakula, na vidonge juu ya tumbo tupu vilikuwa vinamtapisha. Barazani hakufika tena. Akaanza upya kujishikiza ukutani, na mama kila akipita ukumbini anasema, "Si nilisema?" Alilisema mpaka nikamwomba apumzike.

Bucha akafunga duka. Duka hilo halikufungwa hata siku alipong'olewa jino, kwa hiyo majirani walikuja na nyuso za msiba, nikawa na kazi ya kuwarudisha. Chumba chao kina mlango unaotokea barazani nyuma. Kaka aliufungua wote, akalitoa jiko la jikoni na kuliweka pale kizingitini, mahali ambapo mtu aliyelala kitandani analiona bila kuinua kichwa. Akachagua maharage kwenye sinia mbele ya macho yake. Sufuria akaiinamisha amwonyeshe ndani ni tupu, kama mfanya mazingaombwe, akatia maji, akatia maharage, akatia chumvi, kila kitu akikiinua kwanza kionekane. Hakumbembeleza ale. Alikuwa anapika, anapakua sahani mbili kutoka kwenye sufuria ileile, moja anaiweka kwenye stuli karibu na kitanda, nyingine anakula yeye. Nyama hakuigusa siku zote hizo. Alisema hana mikono ya kupika sufuria mbili. Na kupika kwenyewe, jamani! Mengine yameungua, mengine hayajaiva.

Siku ya kwanza sahani ilirudi ilivyokwenda, imepoa. Kaka akaiosha. Iliyofuata wifi alichukua kijiko kimoja, akatafuna polepole kama anayetafuta jiwe, akaacha. Kaka akaosha tena sahani. Halafu ikaja siku akala nusu. Kaka alinipita ukumbini na ile sahani mkononi, akanionyesha mahali chakula kilipopungua. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa jinsi nilivyompenda ndugu yangu saa ile, na sijali nani aliniona.

Mama hakulia. Tangu jiko lihamishwe alikuwa hana la kupika. Asubuhi moja akafunga begi lake, akaja kuaga pale mlangoni, begi kwapani, kitambaa cha kichwa kimekazwa. Kaka alikuwa amechuchumaa anapuliza mkaa.

"Mwanangu, mimi naenda," akamwambia wifi. "Nilikuwa nakutakia uzima." Samahani hakuomba. Mama yetu hakuumbwa na kiungo hicho. Lakini alikuwa amesimama vibaya, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, na nikaona kwamba kweli anaondoka, na kwamba akiondoka hivi hatarudi kula katika nyumba hii.

Wifi akajiinua kwa kiwiko. "Mama."

"Abee."

"Maharage ya mwanao yamenishinda. Pika wewe."

Kaka akaacha kupuliza. Mama alitazama jiko pale kizingitini, akatazama kitanda, akashusha begi sakafuni. "Nipike hapa basi, uone mkono wangu."

"Hapana. Lirudisheni jiko jikoni. Na mlango ufungeni, moshi umenichosha."

Mama akaja mpaka karibu na kitanda. Aliongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, ndogo, ya mtu anayeuliza njia ugenini. "Huogopi, mwanangu? Je, nikitia tena?"

Wifi hakumtazama yeye. Alimtazama kaka, aliyekuwa bado amechuchumaa, masizi shavuni.

"Ukitia," akasema, "huyu ataniambia."

Kaka akalirudisha jiko na kuufunga mlango wa baraza. Mama akabeba maharage, akaingia jikoni na kufunga mlango, na wifi akajilaza kungoja chakula.