Unitule

Kwetu mwanamke hubeba kitunga mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Akifika mlangoni hasalimu kwanza. Husema, "Unitule," na aliye karibu humshushia mzigo, maana akijitua peke yake anaweza kuumia shingo.

Wakati wa vita tulikaa karibu na Kalunguta, mama na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilijifunza Biblia peke yangu na kujiandikia sheria ukutani kwa makaa: kusali mara tano, kutocheka ovyo, kutogusa kazi Jumapili. Nikikosea moja, nilianza zote upya.

Jumapili moja mama alisikia kwamba askari wanakuja, akasema, "Basoda beko njiani. Kesho maragi yetu itakuwa yabo. Twende tuvune."

"Leo hapana, mama. Maharagwe yatangoja. Ni siku ya Mungu."

"Na siku ya Mungu, tumbo inalalaka?"

Nilifungua Biblia yangu. Alikwenda peke yake, akarudi jioni na mzigo wa watu wawili.

"Pasta wangu mudogo, unitule."

Niliwaza: kushusha mzigo nako ni kazi. Nikasimama tu, mikono nyuma. Mama alipiga magoti, akajipinda, na nikasikia shingo yake ikialika kama kijiti kikavu. Kisha aliinuka. Alipika maharagwe yale, akanipakulia mimi kwanza. Na kula, nilikula.

Askari walifika kesho yake. Tulikimbilia Butembo, na mama hakuweza tena kubeba hata mkeka. Kila Jumapili nilimkanda shingo kwa mafuta ya mawese, nikimwomba msamaha kwa maneno mapya, nikihofia kwamba yale ya juma lililopita hayakutosha.

Siku moja alinishika mkono. "Nilikusamehe palepale kwa mulango, mbele hata ya kupika. Sasa ni weye unabeba muzigo. Tula."

Alifariki vita havijaisha. Sheria zangu zilibaki kwenye ule ukuta, na sijaandika nyingine. Naamini Mungu husamehe kama mama, kabla hatujaomba. Lakini amri ile moja aliyoniachia mama, nitue mzigo, ni ngumu kutii kuliko zote za makaa. Jumapili nasikia harufu ya mawese mikononi, najikuta nimeanza tena: mama, unisamehe. Halafu nakumbuka neno lake, nanyamaza katikati.