Kichwa cha Treni Juu ya Meza, Kisaka

Baba alipotoroka mara ya pili, wachunga ng'ombe ndio waliomrudisha. Walimkuta kwenye barabara ya vumbi, kavaa koti, kashika begi lake la safari, anauliza stesheni iko upande gani. Wilaya nzima ya Serengeti haina hata kipande cha reli. Walimwamkia shikamoo mzee, wakamgeuza taratibu pamoja na ng'ombe wao mpaka mlangoni kwangu. Nilitamani kumgombeza, nikaishia kumwekea chai.

Alikuwa dereva wa treni Tabora, maisha yake yote ya kazi. Mama alipofariki nilimchukua aje akae nami Kisaka, ninakofundisha fizikia, kwa sababu kule peke yake alikuwa anasahau jiko la mkaa likiwaka ndani. Nami si mtu wa kutulia. Nikiwa darasani nawaza yuko wapi. Nikiwa nyumbani nachungulia dirishani kila mara. Kila asubuhi aliniuliza, "Binti yangu, tunarudi lini?" Kila asubuhi nikamdanganya kwamba wiki ijayo. Niliogopa kwamba siku moja atatembea hadi mahali ambapo hakuna wa kumgeuza.

Kati ya vitu alivyokuja navyo kulikuwa na mfano wa kichwa cha treni ya dizeli, wa chuma, mrefu kidogo kuliko kiganja, na vipande vya reli vya kuunga duara. Fundi mmoja wa kigeni alimpa alipostaafu, na hata wakati ule kilikuwa cha zamani. Mota ilizunguka ukiipa umeme, basi. Taa iliungua zamani, sauti hakikuwahi kuwa nayo. Siku hizi kuna kadi za kielektroniki, pana kama kidole gumba, zinazowekwa ndani ya vichwa kama hivyo zikavipa mngurumo, honi na taa, vyote kwa rimoti. Wazo likanijia na sikulilaza. Nilidhani baba akiisikia injini mezani, miguu yake itatulia. Niliagiza kadi mbili, kila moja na spika na taa yake mpya, kwa kuwa naijua mikono yangu, zikaja kupitia Nairobi na mpakani Sirari.

Ya kwanza niliiua kwa haraka yangu. Nilikwenda Tarime, pale Bomani, kwa fundi umeme wa pikipiki mwenye pasi nyembamba ya kulehemu na mkono usiotetemeka. Maelekezo yalikuwa kurasa kumi na mbili. Nilisoma mbili.

"Sasa mwalimu, huu waya wa kurudi wa taa tunaupeleka wapi?" aliniuliza.

"Kwenye bodi, kwenye chuma chenyewe."

"Eeh, bodi ndiyo negativu. Pikipiki zote ni hivyo hivyo."

Huku kwetu, anayemiliki pikipiki anajua hivyo: waya mmoja unapeleka umeme, chuma chenyewe kinaurudisha. Lakini katika kichwa kile cha zamani, bodi inachukua umeme moja kwa moja kutoka reli mojawapo, na hata mota imeegemea hapo hapo. Tulipokiweka relini taa iliwaka mara moja tu, ukafuata moshi. Mwalimu wa fizikia mzima! Nilimfokea fundi.

"Mwalimu, si wewe uliyesema kwenye bodi?"

Nilimwomba radhi, ingawa iliniuma.

Jumamosi iliyofuata nilirudi nimesoma kurasa zote. Safari hii tuliitenga mota na bodi kwa kipande cha plastiki, fundi akapima kwa mita, akapima tena. Akakwangua kwa tupa chuma cha ndani ili spika ipate pa kukaa. Waya wa kurudi wa taa akaulehemu kwenye kadi yenyewe, mbali na chuma. Mimi nilikuwa nazunguka nyuma yake.

"Kaa chini, mwalimu, unanitia kizunguzungu."

Nilikaa. Nikasimama tena.

Jumapili mchana, baada ya chakula, niliunga reli mezani. Baba alikuwa kwenye kiti chake akitazama barabara. Nikabonyeza. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma polepole, na taa ikawaka mbele.

Baba akageuka. "Inachelewa kushika," akasema. "Ina baridi hiyo."

Akanyoosha mkono, nikampa rimoti na kumwonyesha vitufe. Akakizungusha duara moja bila haraka, mgongo umenyooka, macho mbele. Sijawahi kufurahi hivyo tangu tumzike mama. Nikasema moyoni, nimempata, haendi popote tena.

Duara la tatu alipunguza mwendo, akapiga honi: ndefu moja, fupi mbili. Niliijua papo hapo. Kule Tabora kila dereva alikuwa na honi yake ya kupigia akikaribia kota za reli, ili mkewe ajue mumewe anaingia. Hiyo ilikuwa yake. Mama akiisikia aliacha chochote alichoshika, akabandika maji ya kuoga.

Baba akakisimamisha kichwa, akazima taa. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya kiti, akaegemea kwa pumzi ndefu. Tangu siku ile hajaniuliza tena tunarudi lini, wala hajatoka getini. Hicho ndicho nilichokuwa nimekihangaikia wiki zote zile, nami sikuelewa nimekipataje mpaka, mchana ule ule, alipoutazama mlango wa jikoni, akasubiri, kisha akanigeukia.

"Mama yako hajasikia honi? Hebu kamwambie nimefika."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba mama alishafariki, kama nilivyomweleza mara ngapi sijui. Alikuwa ananitazama na tabasamu la mtu aliyefika salama. Nikaenda jikoni, nikabandika maji.