Sakafu ya Chumba Alimozaliwa Kigen

Kila Ijumaa Jentrix hutoka Kamukuywa kwa bodaboda, ndoo ya kinyesi cha ng'ombe mapajani, kwenda kusiriba sakafu ya nyumba ya udongo iliyo nje ya Kitale. Humo ndimo alimozaliwa Bethwel Kigen, mwandishi wa hadithi za upelelezi, na kaunti inataka ibaki kama ilivyokuwa. Ufunguo ni mmoja, anao Jentrix. Akimwachia mtu mwingine, kazi imekwisha. Na huyu mjane hana kazi nyingine.

Mwezi wa Mei, Chelagat, msimamizi wake, aliinama chumbani akachunguza alama za vidole sakafuni.

"Jentrix, nani anakusaidia?"

"Hakuna, madam."

"Ati hakuna? Sebuleni mistari inapinda kulia, huku inapinda kushoto. Mimi pia nimelelewa kwa nyumba ya udongo, bana. Huu ni mkono wa mashoto. Umempa nani ufunguo?"

Jentrix alikuwa ameiona mistari hiyo tangu Februari. Mashoto wa nyumba hii alikuwa mmoja tu, mama yake Kigen, na kaburi lake liko nyuma ya jiko.

"Ijumaa nitakuja mwenyewe," Chelagat alisema. "Nikipata uongo, unaenda nyumbani."

Ijumaa hiyo Chelagat alikaa kwenye kigoda mlangoni, akamtazama Jentrix akisiriba kutoka ukutani hadi kizingitini kwa mkono wa kulia, bila kuacha hata pengo la kidole. Kisha akafunga dirisha na mlango, akaondoka na ufunguo.

Jumamosi saa tatu walifungua pamoja. Sakafu ilikuwa imekauka. Mistari yote ilipinda kushoto. Karibu na ukuta palikuwa na sehemu iliyoonekana kama haikuguswa hata jana, udongo mtupu, ndogo, ya mviringo.

Chelagat alichuchumaa kando yake. "Mama yangu alikuwa akisiriba hivyo," alisema polepole. "Akituzunguka. Mtoto akilala, hamwamshi."

Akaweka ufunguo mkononi mwa Jentrix, akatoka bila kuvaa viatu vyake vizuri. Kwenye ripoti aliandika kwamba mfanyakazi ni mmoja na kazi ni safi.

Ijumaa iliyofuata Jentrix alisiriba kama kawaida. Alipokaribia ukuta alipunguza mwendo, akapitisha mkono pembeni, akaizunguka ile sehemu. Alifanya taratibu, bila kukohoa.