Ndoto Iliyokatwa na Ngoma

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka nje ya kanisa letu kule Sori, na ya nyasi za paa zilizolowa mvua ya alfajiri. Nilikuwa kijana, na kazi yangu pale ilikuwa kupiga ngoma.

Nilishapita njia nyingi kabla ya kufika hapo. Shule niliiacha mapema na miguu yangu haikujua kutulia. Nilichimba dhahabu Nyatike, nikabeba samaki Takawiri, nikauza vitunguu Oyugis. Kila nilipofika niliingia kanisa la hapo, si kwa uchaji mwingi, bali kwa kutaka kuona watu wa mahali hapo wanasali vipi. Wapo wanaosali kimya, wapo wanaolia, wapo wanaojibizana na mhubiri kama wako sokoni. Hawa wa Sori walivaa kanzu nyeupe zenye misalaba iliyoshonwa kifuani, wakavua viatu mlangoni, na wakapiga ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe ambayo ukiwa nayo karibu unaisikia tumboni. Ngoma ile ndiyo iliyonishika. Walipoona mikono yangu inaiweza walinikabidhi, nami nikakaa nao muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Watu hao walikuwa na desturi moja. Kabla ya mahubiri, aliyeota ndoto wiki hiyo husimama akaisimulia. Watu wa nje waliicheka sana. Ukiishi nao, unaona kuwa ni shughuli yenye adabu zake. Anayesimulia hapambi wala hajisifu, na ndoto husimuliwa mpaka mwisho, hata kama mwisho huo unamwaibisha yeye mwenyewe. Aliyesimamia mambo hayo ni mama mzee aliyeongoza kanisa. Tulimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa kuwa alikuja kuolewa kutoka Karungu, na jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza siku ya mazishi yake.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Okeyo, mfanyabiashara wa mbao, alitaka udiwani. Alishagombea mara moja akashindwa vibaya, kwa sababu watu walimjua kwa bei ya mbao zake tu. Sasa akaanza kuja kusali kwetu, na alijua alichofuata. Watu wa kanzu hawakuwa na gari wala kipaza sauti, lakini walitembea. Walifuata bendera yao kijiji kwa kijiji, kwenye matanga na kwenye maombi ya wagonjwa, kutoka ufukweni mpaka vilimani. Mgonjwa akipona baada ya maombi yao, nyumba nzima iliwasikiliza. Mgombea gani asingetaka miguu kama hiyo?

Jumapili hiyo Okeyo hakuwepo. Alisimama Apiyo, mjane aliyeishi kwa kukausha omena. Apiyo aliota mara chache, na alichoota kiliheshimiwa. Alisema, "Nilimwona Okeyo amevaa kanzu yetu. Ameshika bendera yetu, anapanda kilima, na watu wengi wako nyuma yake."

Hapo nikapiga ngoma. Sikuwa nimepanga, mkono uliondoka wenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, wimbo ukaanzishwa, kanisa zima likasimama kucheza. Nilimwona Apiyo amebaki palepale, ameinua mkono kama mtu anayesimamisha gari ambalo limeshampita. Kisha akaketi. Mimi niliendelea kupiga.

Basi neno likatoka. Wiki haijaisha nilikwenda Oyugis kununua vitunguu, na muuzaji akanisimulia ndoto ya Apiyo mimi niliyekuwepo, akaongeza kwamba Okeyo alipanda kilima bila kugusa ardhi. Oyugis hakukuwa na kura yake hata moja, lakini huko nako walimsifu. Okeyo alipozisikia habari hizo alituma ujumbe. Angekuja Jumapili avishwe kanzu, akabidhiwe bendera aizungushe kata nzima, naye angetuezekea kanisa kwa mabati. Mwanangu, kama hujawahi kusali huku maji yanakudondokea shingoni, huwezi kujua tulivyofurahi. Watu walianza kubishana juu ya rangi ya mabati.

Jumamosi jioni nilikuwa kwa Nyar Karungu nikikaza ngozi ya ngoma, Apiyo akaingia bila kubisha hodi.

"Mama, ile ndoto haikuisha."

"Najua. Niliuona mkono wako."

"Nikiimaliza sasa watasema nimelipwa na yule mgombea mwingine. Mabati yakikosekana ni mimi. Nitasali na nani? Omena wangu nitamuuzia nani?"

"Na usipoimaliza?"

"Nitakuwa nimesema uongo, na nimeusema kanisani."

Nami kwa ujana wangu nikaingilia. "Mama, kwani kuna ubaya gani? Hiyo nusu aliyoisema si ya kweli?"

Nyar Karungu alinigeukia taratibu. "Ni ya kweli, mtoto wa ngoma. Na ile nusu nyingine wewe uliifanya nini?"

Nilirudi kwenye kamba zangu. Baadaye alisema, bila hasira, "Kesho ngoma italala."

Kesho yake Okeyo alikuja na suti ya kijivu. Mlangoni alivua viatu na soksi kama sisi sote, akaketishwa mbele. Kanzu yake mpya ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nyar Karungu akaniamuru nilaze ngoma niikalie, kisha akasema, "Apiyo anamalizia ndoto yake. Wiki iliyopita ilikatizwa."

Apiyo alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu waache kukohoa. "Alipofika juu ya kilima palikuwa na kisima cha maji ya kunywa. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao wakingoja. Okeyo akaegemeza bendera, akaingiza miguu kisimani, akaanza kuiosha. Wale wanawake walimtazama tu. Hapo nikaamka."

Hakuna aliyepanga, lakini sote tuliitazama miguu ya Okeyo. Ilikuwa pale mbele, mitupu, milaini, miguu ya mtu wa viatu. Akakunja vidole.

"Huyu mama ametumwa," mzee mmoja akasema nyuma.

"Ametumwa usingizini?" mwanamke akamjibu. "Wewe ukilala huwa unatumwa na nani, jaduong'?"

Watu wakacheka kidogo, mpaka Okeyo aliposimama. Nilidhani atachukua viatu vyake aondoke. Akamwuliza Apiyo, "Kilikuwa kisima cha wapi?"

"Sikukitambua. Nilijua tu ni cha kunywa."

"Na hao wanawake, mimi niliwaona?"

"Hukuinua macho."

Okeyo alijipangusa uso kwa leso. Akamgeukia Nyar Karungu. "Mama, na hii nayo itatangazwa huko nje?"

"Imeshatangazwa. Unafikiri uko wapi?"

Hapo hata yeye alicheka, mwanangu, na sitasahau kicheko kile, kwa maana hakikuwa cha mkutano wa kampeni. Nyar Karungu akaichukua ile kanzu na kumpa mama mwingine airudishe sandukuni. Akasema, "Ukitaka kutembea nasi, tembea. Utakuwa nyuma ya bendera pamoja na wageni. Kanzu tunamvisha mtu aliyekuja kusali. Wewe bado hatujui umekuja kufanya nini, na nadhani nawe hujui."

Sitakudanganya kwamba watu walifurahi. Walioyalilia mabati walikuwa wengi. Apiyo alitoka peke yake, na kwa muda alianika omena wake bila mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa nikienda kumsaidia kugeuza, kwa aibu zaidi kuliko kwa wema, naye hakuniuliza kitu.

Lakini Okeyo alitembea nasi. Alikaa nyuma, viatu mkononi, vumbi la watu wote likimwangukia yeye. Wapinzani wake walifurahi, wakaanza kuipigia kelele nusu ya pili ya ndoto kila mahali. Na hapo niliona jambo ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tumepumzika kwenye boma moja, na mwenye boma, mama mnene asiyekuwa wa kanisa letu, akasema, "Mimi ile ya kwanza sikuiamini. Kila mgombea ana nabii wake. Lakini watu waliomwambia mambo ya miguu akiwa amekaa mbele yao, hao wakisema walimwona na bendera, nawaamini." Niliyasikia maneno kama hayo katika boma baada ya boma. Okeyo alishinda. Na kilichompandisha ni ile ndoto nzima. Ile nusu, kwa kadiri nilivyosikia, iliwafurahisha wale waliokuwa wake tayari.

Sisemi akawa malaika. Mwaka wa pili nduguye alizungushia seng'enge njia ya kuteremkia ziwani, ile ambayo wanawake walipitia kuchota maji, na diwani akajifanya haioni. Basi alipofanya baraza, Apiyo akatoka kati ya watu na karai la maji, akaliweka mbele yake, akasema, "Mheshimiwa, tumekuletea ya kuoshea miguu. Yale mengine tunakunywa." Baraza lilivunjika kwa kicheko. Okeyo alikasirika kweli, nilimwona shingo inavimba, lakini angefanya nini? Kata nzima ilijua maana yake. Seng'enge iliondolewa. Na tangu siku hiyo Apiyo hakukosa wa kukaa naye, wala mnunuzi. Mabati tulikuja kuyanunua wenyewe, kidogo kidogo, upande mmoja wa paa ukitangulia mwingine.

Miaka ikapita, Okeyo akataka ubunge. Sasa alikwenda kwenye makanisa makubwa, mpaka kwa maaskofu wa mjini Homa Bay wenye vipaza sauti. Wakamwekea mikono, wakamtabiria ushindi, na hakuna aliyesimama kumaliza chochote. Alishinda pia. Huko sikuwepo, miguu yangu ilikuwa imeshanipeleka kwingine, kwa hiyo siwezi kukuambia kama yupo aliyemkumbusha kuinua macho.

Nakusimulia haya kwa sababu umeniambia kwaya yenu imeombwa kuimba kwenye mikutano ya mgombea, na kwamba kiongozi wenu ameshatangaza kuwa Mungu amemchagua. Sikukatazi kwenda, mwanangu. Mtu wa dini naye ana kura, na diwani naye ana roho. Kama kanisa lenu limeona jema kwa mtu, liseme, watu wasikie. Ila angalia jambo hili. Uliza kama yupo kati yenu aliyeona zaidi ya hilo jema. Mara nyingi yupo, tena mara nyingi ni mtu mdogo ambaye akisema atapoteza kitu. Mpeni nafasi amalize, na mgombea awe ameketi hapo, anasikia kwa masikio yake. Msiimbe juu ya sauti yake. Akiondoka kwa hasira, mmejua mapema mlikuwa mnambeba nani. Akibaki, mtambeba bila kuogopa, na siku akikosea mtakuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa mlimwambia tangu mwanzo.

Mungu akulinde katika kutembea kwako, mwanangu. Akupe wazee wa kukuuliza maswali ungali na umri wa kujirekebisha, akuweke kati ya watu ambao mjane anaweza kusimama mbele yao akasema aliyoyaona, kisha arudi nyumbani akale chakula chake kwa amani. Nawe ule kwa amani, wewe na watoto utakaowazaa.